Tochi ya kununua Tabora: anza na mwanga wa chini na swichi

Ukiingia dukani Tabora mjini kuulizia tochi, utaonyeshwa jambo moja: inavyopiga mbali. Muuzaji ataielekeza kwenye ukuta wa ng'ambo ya barabara, mchana kweupe, na kukusomea namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi. "Hii kaka inafika mpaka kule." Hatakuambia mwanga wake wa chini kabisa ukoje, wala ukiibonyeza gizani mara ya kwanza utatangulia kuwaka upi. Kwangu mimi mambo hayo mawili yana uzito kuliko namba ya kwenye boksi. Mwanga wa juu kabisa utautumia dakika chache tu kwa usiku mzima. Swichi utaigusa kila mara, na mwanga wa chini ndio utakaokuvusha hadi alfajiri umeme ukikatika.

Nalinganisha hapa kwa kufuata kazi za huku kwetu: kurina asali porini, kukesha kwenye bani la tumbaku (banda la kukaushia majani yake), doria ya usiku, zamu ya zahanati, na nyumba ya kawaida yenye watoto. Tochi inayomfaa mmoja wa hawa inaweza kuwa kero kwa mwingine.

Ngazi zinazofanana na ngazi zilizoachana

Chukua tochi mbili za bei moja. Ya kwanza ina ngazi tatu za mwanga: lumeni (kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye tochi) 300, 600 na 900. Ya pili ina nne: 5, 40, 200 na 800. Kwa kusoma boksi, ya kwanza inaonekana imeshinda. Ukizishika usiku utaona kinyume chake, kwa sababu jicho halihesabu mwanga kama tunavyohesabu shilingi. Ukiuongeza mara mbili, jicho linaona umeongezeka kiasi tu, si mara mbili. Kutoka 300 kwenda 600 tofauti utaiona, lakini haitakupa kazi mpya ya kufanya. Kutoka 5 kwenda 40 unatoka kwenye kusoma namba ya kipimajoto kwenda kwenye kutembea njia ya shambani bila wasiwasi.

Umbali nao una kanuni yake. Ili tochi ifike mara mbili ya pale inapofika sasa, miale yake lazima iwe na nguvu mara nne. Ndiyo maana tochi ya lumeni 900 haikufikishi mbali kuliko ya lumeni 800 kwa kiasi cha kujivunia, na mara nyingi yenye kioo kipana na mwanga uliokusanyika huipita yenye lumeni nyingi zilizotawanyika. Ukisoma "mita 200" kwenye boksi, fahamu kipimo hicho kinatoka wapi: utaratibu wa Marekani uitwao ANSI FL 1, uliotolewa mwaka 2009, huhesabu umbali hadi pale mwanga unapobaki robo ya luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), yaani kama mbalamwezi kamili. Kwa mwanga huo utaona kwamba kuna kitu kimesimama pale. Kama ni ng'ombe wako au wa jirani, hutajua. Gawa kwa mbili ndipo upange kazi.

Utaratibu huohuo hupima lumeni kati ya sekunde ya 30 na dakika ya pili baada ya kuwasha, na huhesabu muda wa betri mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi ndogo iliyoandikwa "lumeni 1,000, saa 6" inaweza kukupa elfu hizo kwa dakika chache, ikapata joto, ikajishusha yenyewe, halafu muda wote uliobaki ukawa wa mwanga wa kiasi tu. Watengenezaji hawajakudanganya, ila muuzaji ambaye hajui haya hawezi kukueleza.

Hesabu ya betri inasaidia kukata maneno. Betri ya lithiamu ya ukubwa uitwao 18650 iliyo nzima, ya miliampia-saa 3,000, ina nishati ya karibu wati-saa 11. Balbu nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Basi kwa lumeni 1,000 una kama saa moja. Kwa 100 una saa kama kumi, usiku mzima wa zamu. Kwa lumeni 10 unaingia kwenye usiku kadhaa bila kuchaji. Mtu wa Kaliua au Sikonge anayepeleka tochi ikachajiwe dukani kwa mwenye sola anajua thamani ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo kati ya zile mbili nachukua yenye 5, 40, 200 na 800 bila kufikiri mara ya pili. Na kama ningelazimika kupoteza ngazi moja, ningepoteza ya 800. Ile ya lumeni 5 watu huidharau dukani kwa sababu mchana haionekani kabisa. Usiku, macho yakishazoea giza, inatosha kumbadilisha mtoto nguo bila kuamsha nyumba nzima, kutafuta funguo, au kuchungulia kipimajoto cha bani. Mkulima wa Urambo anayekausha tumbaku kwa moto huamka mara kadhaa kuangalia joto, siku hadi siku mpaka jani likauke hadi kikonyo. Akijimulika lumeni 600 kwenye kioo cha kipimajoto, mwanga unamrudia usoni, kisha anatoka nje haoni hata kuni alizozipanga. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mmuliko mmoja mkali unakurudisha mwanzo.

Jambo moja la kukagua ukiwa bado dukani: tochi nyingi za bei ya chini hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka sana. Hilo huchosha macho ya wengine, na kitu kinachotembea hukiona kama kinarukaruka. Weka kwenye mwanga wa chini, fungua kamera ya simu, elekeza kwenye tochi. Ukiona mistari inapita kwenye kioo cha simu, ndiyo hiyo. Nyumbani inavumilika. Kwa anayeshona jeraha au kutengeneza injini, atafute nyingine.

Mwekundu na mweupe mbele ya mzinga

Hapa ndipo Tabora inapotofautiana na miji mingine, na ndipo makosa ya kununua huumiza kweli. Mrina asali wa huku mara nyingi hupanda kwenye mzinga usiku, kwa kuwa nyuki gizani hawaruki ovyo, hutambaa. Ukiwasha mwanga mweupe umewapa mahali pa kuelekea. Wataufuata ulipo, na kama upo kwenye paji la uso wako, watakuja usoni.

Mwanga mwekundu ni habari nyingine. Macho ya nyuki hupokea urujuanimno, bluu na kijani. Nyekundu kwao ni kama giza. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba nyuki hutambua rangi lakini nyekundu wanaichanganya na nyeusi. Kwa mrina maana yake ni kwamba anaweza kuona sega bila kujitangaza. Moshi na ukimya bado vinahitajika, maana nyuki husikia mtikisiko na hunusa. Mwanga mwekundu unaondoa sababu moja ya kushambuliwa. Nyingine zote zipo palepale.

Mwanga huo una hasara yake pia, na ni lazima isemwe. Chini ya mwekundu rangi zote hupotea. Sega lenye asali iliyofunikwa nta na sega lenye majana (watoto wa nyuki) hayatofautiani kwa rangi tena, unabaki na umbo la mfuniko, uzito na mguso. Mrina mzoefu anayajua kwa mkono. Anayejifunza, hata aliyefundishwa vizuri pale Chuo cha Nyuki, atahitaji kuwasha mweupe hafifu kwa muda mfupi, na asiuwashe akiwa ameuvaa kichwani. Aushike kwa mkono ulionyooshwa pembeni, au mwenzake aliye chini ya mti ndiye amulike.

Sasa njoo kwenye swichi, kwa sababu hapa ngazi na swichi havitenganishiki. Kuna tochi za kichwani ambazo ili uupate mwekundu lazima upite kwanza mweupe mkali, mweupe wa kati, na kupepesa. Mbele ya mzinga uliofunguliwa, huo ni mzunguko wa hatari. Nyingine zina kitufe cha peke yake cha mwekundu, au ukibonyeza na kushikilia kwa sekunde moja mbili unaanza mwekundu moja kwa moja. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ikiwepo, ilipe. Kama huwezi kuipata yenye kitufe cha peke yake, chukua ya bei rahisi isiyo na mwekundu kabisa, uifunike kwa plastiki nyekundu mara mbili na kuifunga kwa mpira. Kuipima ni rahisi: mulika jani bichi la mwembe usiku. Likionekana jeusi au la kijivu, plastiki inatosha. Likibaki na ukijani wake, ongeza safu nyingine, maana nyuki nao wanauona huo mwanga unaopenya.

Kuhusu kuvaa kichwani au kushika mkononi: kichwani kunakuachia mikono miwili ya kupanda na kukata sega, na hilo halina mjadala. Tatizo ni moshi. Taa iliyo karibu na jicho humulika moshi wa bomba na kukurudishia ukuta mweupe, kama mwanga ni mkali. Ipunguze mpaka chini. Na ivae nje ya wavu wa usoni, si ndani. Ikiwa ndani inamulika nyuzi za wavu na hutaona kingine.

Swichi nne, mikono tofauti

Swichi ya zamani ya kusukuma kwa dole gumba ipo kwenye tochi za betri kubwa mbili au tatu ambazo wazee wetu wote walikuwa nazo. Ubora wake ni kwamba kidole kinajua ilipo: nyuma imezima, mbele imewaka, na kwenye zenye hatua tatu, katikati ni hafifu. Huna cha kukumbuka. Mwenye glavu anaiweza, mtoto anaiweza, bibi asiyeona vizuri anaiweza. Ikiharibika, fundi redio anaifungua, anasugua vile vibati vyenye kutu, anakurudishia siku hiyohiyo. Udhaifu wake ni maji na vumbi, kwa sababu pale inaposukumwa pana uwazi. Mvua za masika zikiikuta imeachwa kwenye baiskeli, usitegemee kitu.

Swichi ya kitakoni ina aina mbili ambazo kwa macho zinafanana kabisa, na watu wengi hawajui kama wanachagua. Moja, ukiibonyeza nusu bila kuifunga, inawaka, ukiachia, inazima, ukiibonyeza mpaka itoe mlio, inabaki imewaka. Nyingine haiwaki mpaka ibonyezwe kabisa na kuachiwa, na ule mbonyezo wa nusu kazi yake ni kubadili ngazi wakati tayari imewaka. Kwa mlinzi au sungusungu wa kijijini, ile ya kwanza ndiyo tochi. Doria hizi za jadi zilizoanza Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinatembea gizani kwa makusudi. Mtu anamulika mara moja, anaona, anazima. Anataka mwanga mkali papo hapo na giza papo hapo. Tochi inayoweza kukaa imewaka mkononi bila yeye kutaka inamwonyesha yeye kabla hajamwona mwizi.

Kwa matumizi ya nyumbani ile ya pili haina ubaya, ila bonyeza mara kumi ukiwa dukani uone inabadilisha nini. Zipo ambazo ukizima na kuwasha haraka zinaruka ngazi, nawe unajikuta kwenye kupepesa mbele ya mgeni.

Swichi ya ubavuni ya kielektroniki, kile kitufe laini, ndiyo yenye uwezo mkubwa: shikilia inaanza chini kabisa, bonyeza mara mbili inaruka juu, bonyeza mara moja inazima. Ikitengenezwa vizuri, hakuna inayoishinda kwa mtu mmoja anayeimiliki na kuijua. Kwa tochi ya familia au ya zahanati inayoshikwa na kila mtu, siipendekezi. Muuguzi wa zamu akiitwa saa nane usiku hana nafasi ya kukumbuka mibonyezo. Pia kitufe hiki hunyonya betri kidogo hata kikiwa kimezima, na kwenye begi kinaweza kubonyezwa na sufuria tu.

Ipo na ya kuzungusha, kichwa au pete, ambayo mwanga unapanda kadiri unavyozungusha. Ni nzuri mno kwa utulivu wake, hasa kwa kuwa huanza chini kila mara. Inataka mikono miwili, na huku ni nadra kuikuta.

Ikumbuke ulipoishia, au ianze upya?

Tochi zenye kumbukumbu huwaka kwenye ngazi uliyozimia. Zisizo nayo huanza pale zilipopangwa, nyingi zikianza na mkali. Ubishi huu hauna jibu moja. Mtu mmoja, kazi moja: kumbukumbu inafaa. Anayekesha bani akishaiweka kwenye hafifu jioni, usiku mzima inawaka hafifu. Watu wengi, tochi moja: kumbukumbu inasumbua, kwa kuwa hujui wa mwisho aliiacha wapi. Nyumba yenye vijana na mtoto mchanga ichukue inayoanza chini daima. Sungusungu aichukue inayoanza juu daima. Nikilazimishwa kuchagua moja bila kumjua mtumiaji, nachagua inayoanza chini, maana kutoka hafifu kwenda mkali ni mbonyezo mmoja, na jicho lililopigwa na mkali halirudi kwa mbonyezo.

Kupepesa sitakutumia maneno mengi. Kwa mwenye baiskeli barabara ya kwenda Nzega, taa nyekundu ya nyuma inayopepesa ina maana. Kwenye tochi ya kazi, ikiwa imewekwa kati ya ngazi nyingine, ni kasoro. Wapo wenye kifafa ambao mwanga wa kupepesa unaweza kuwaamshia degedege, na kwenye wodi hilo si jambo la kubahatisha. Kama ipo, iwe imefichwa nyuma ya mbonyezo mrefu au wa mara tatu.

Zamu ya zahanati na safari ya kambini

Kwa mkunga na muuguzi mwanga mwekundu haufai kabisa, damu haionekani. Wanahitaji mweupe wa kawaida, usio wa bluu kama wa taa za pikipiki, unaoonyesha ngozi na midomo kwa rangi yake, lumeni 100 hadi 200, uliotawanyika, na kichwani. Swichi moja, ngazi mbili, basi. Na kwao ningeuliza swali lingine: betri ikiisha, inaishaje? Tochi za betri kavu za kawaida hufifia polepole na kukupa taarifa. Nyingi za lithiamu hushikilia mwanga uleule, halafu zinashuka ghafla au kuzima. Zenye kitaa kidogo cha kuonyesha kiasi cha betri zinaondoa hofu hiyo, na kwa zahanati ndizo za kuchagua hata kama lumeni zake ni chache.

Zile za kuchaji zenye plagi ya kuvutwa kitakoni, zenye betri ya risasi na asidi ndani, zinauzwa kwa wingi na nyumbani zinafanya kazi vizuri kwa mwenye umeme. Zisikae wiki nyingi bila chaji, betri hiyo hufa ikiachwa tupu. Kwa hiyo si za kupeleka kambini.

Anayekwenda kambini porini, kiangazi cha asali, achukue mbili badala ya moja ya bei kubwa: ya kichwani yenye kitufe cha mwekundu, na ya mkononi yenye swichi ya kusukuma ya kutembelea njiani. Njia ya usiku msituni inataka mwanga mpana wa wastani chini mbele ya miguu, maana nyoka kifutu hakimbii akisikia hatua, hulala palepale na rangi yake ni ya majani makavu. Mwanga mwembamba wa kupiga mbali unampita. Na kama ya kichwani au ya akiba ni ya kitufe laini chenye mfuniko wa betri wa kuzungusha, ilegeze robo mzunguko kabla ya kuitia kwenye mzigo. Nyingi za aluminiamu hukata umeme hapo, na unaweza kuhakikisha kwa kubonyeza: isipowaka, ifunge begi.